Futari ya Safu ya Tatu

Wiki iliyopita nilikuwa natoka shuleni ninakofundisha, nikapita mbele ya ofisi moja hapa mjini Mtwara ambako mlinzi alikuwa anamwagilia maua kwa mpira. Jua lilikuwa bado kali. Maji yalipougusa mchanga uliokuwa unachomeka tangu asubuhi, ikanijia ile harufu ya vumbi la moto linalopata maji ya kwanza, nikasimama palepale. Mlinzi akazima mpira. "Dada, kuna tatizo?" Nikamwambia hapana, nimechoka tu. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimechuchumaa nyuma ya jiko la mama kijijini kwetu Ziwani, kikombe cha bati mkononi, nikisubiri adhana ya magharibi.

Dada yangu Somoe alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Baba alikuwa mkulima wa korosho na muhogo kama baba yake, na habari ilipofika kwamba binti yake amechaguliwa, alizunguka nyumba hadi nyumba kuitangaza. Furaha ile ilipungua kidogo watu walipoanza kuuliza anakwenda kusomea nini. Wengine walitegemea udaktari, wengine sheria. Somoe alikuwa anakwenda kusomea bustani na mandhari: namna ya kupanda miti, maua na majani kuzunguka majumba na barabara bila kuiharibu ardhi na bila kumaliza maji.

"Maua?" aliuliza Bi Fatu, jirani yetu, akiwa amesimama mlangoni na ungo wake. "Ntoto unampeleka chuo kikuu akasomee maua?"

"Siyo maua, shangazi," Somoe akamjibu. "Ni mandhari."

"Na hayo mandhari yanaliwa?"

Watu walicheka, na Somoe akacheka nao. Lakini usiku, kitandani, aliniambia mimi peke yangu alichokuwa anakitaka. Wa rika langu mtazikumbuka siku zile, habari za gesi iliyogunduliwa kwetu zilipokuwa kwenye kila mdomo, wageni wamejaa mjini mpaka vyumba vya kulala vinakosekana, na kila mtu anasema Mtwara itageuka. Somoe aliamini. Alisema yatajengwa majumba mengi, na wenye majumba wataleta majani na maua ya nchi za watu, yanywe maji ambayo sisi tunayatafuta kwa ndoo. Yeye alitaka kuwaonyesha kwamba pwani yetu ina mimea yake, mikadi na mitondoo na mishubiri, inayoweza kuupendezesha mji mzima bila kuwanyang'anya watu maji. Nilikuwa simwelewi sawasawa. Nilielewa tu kwamba dada yangu atapanda mji.

Kabla ya kuanza mwaka wake wa mwisho, alirudi likizo na miche. Ilikuja ndani ya maboksi, imepandwa kwenye vile vifuko vyeusi vya plastiki wanavyoviita viriba, na alikuwa ameisafirisha kwa basi siku nzima akiwa ameikumbatia. Mwalimu wake chuoni, ambaye sisi nyumbani tulimjua kwa jina la Dokta tu, alikuwa amemruhusu afanye utafiti wake kwetu, kwenye udongo wa pwani hasa. Akapima kipande cha ardhi nyuma ya jiko, akachimba safu tatu, kila safu miche kumi na miwili. Aliimwagilia yote sawasawa kwa wiki tatu mpaka ikashika. Kisha, kwa kuwa ilimbidi arudi chuoni kwa mafunzo ya vitendo mpaka mwezi wa kumi, akatuita mimi na mama tusimame mbele ya safu zile.

"Safu ya kwanza inapata maji kila siku, asubuhi na alasiri. Mama, hiyo ni yako. Safu ya pili inapata maji ya kuoshea vyombo, mara mbili kwa wiki. Nayo ni yako."

"Na ya tatu?" mama akauliza.

"Ya tatu isiguswe. Nataka kuona itavumilia mpaka lini."

Mimi alinipa daftari lenye mistari aliyoichora mwenyewe kwa rula. Kila Jumamosi nilipaswa kupima urefu wa kila mche na kuuandika, na kwenye kisanduku cha pembeni kuandika mche umepata maji mara ngapi wiki ile. Nilijiona mkubwa kuliko watoto wote wa Ziwani. Nikamuuliza kwa nini safu ya tatu inyimwe maji, imekosa nini. Somoe alikuwa anafunga begi lake, basi linamsubiri. Alicheka, akanishika kichwa.

"Haijakosa kitu, Salima. Imefunga. Kwani wewe si unafunga?"

Ilikuwa Ramadhani, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kufunga siku nzima badala ya nusu. Nilijua kila kitu kuhusu kufunga. Nilijua mdomo unavyokuwa mkavu saa tisa mchana, na jinsi unavyoyatazama maji ya mtungi mpaka yanakuwa kama yanakuita jina. Nilijua pia kwamba aliyefunga lazima afuturu. Ustadhi wetu wa madrasa alikuwa ametufundisha kwamba kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kubwa, na kwamba sadaka iliyo bora ni ile usiyoitangaza. Kwa hiyo mambo yote yalikuwa wazi kwangu. Mama alikuwa na safu zake mbili. Mimi nilikuwa na safu ya tatu, iliyofunga, na hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuifuturisha. Nilidhani Somoe amesahau kusema kwa sababu ya haraka ya basi, au ameona jambo lenyewe liko wazi mno hata halihitaji kusemwa.

Jioni ya kwanza nilingoja adhana. Mama na baba walikuwa ndani, wanaswali. Nilichota maji kwenye ndoo ndogo, nikapita mche mmoja mmoja na kikombe cha bati. Kikombe kimoja kwa kila mche, kwenye shina, polepole, nikisema bismillahi kwa niaba yake. Mchanga ulitoa ile harufu. Nilisubiri mpaka kikombe cha kumi na mbili kikanywewa chote, ndipo nami nikaenda kula muhogo wangu wa nazi. Nilifanya hivyo kila siku. Siku ya Idi niliiongezea kikombe cha pili. Ramadhani ikaisha, lakini Somoe hakuwa ameniambia kwamba miche nayo imemaliza, alisema tu imefunga, nami sikuwa na mamlaka ya kuikatizia swaumu. Niliendelea kuifuturisha Julai yote iliyobaki, Agosti, Septemba, miezi ambayo majani ya porini yanakuwa kama karatasi na watu wanaingia msituni kuchimba ming'oko, viazi vya porini.

Na kila Jumamosi nilipima na kuandika. Sikudanganya urefu hata mara moja. Kwenye kisanduku cha maji cha safu ya tatu niliandika sifuri, tena sifuri nzuri ya mviringo, kwa sababu kumwagilia kulikuwa asubuhi na alasiri, na safu ile asubuhi na alasiri haikupata kitu. Futari ilikuwa jambo jingine. Ilikuwa baina yangu na Mungu.

Somoe aliporudi mwezi wa kumi hakuingia hata ndani. Aliweka begi uani akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Nikasikia anapiga kelele, mama akatoka mbio akidhani ni nyoka. Tulimkuta amepiga magoti kwenye safu ya tatu. Miche ilikuwa imesimama, majani mabichi, midogo kidogo tu kuliko ile ya maji ya vyombo. Alikuwa anaishika mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya ajali.

"Hata mmoja haujafa," alisema. "Mama, hata mmoja!"

Jioni ile baba alichinja kuku. Bi Fatu aliitwa, na watu wengine wawili watatu waliokuwa wanapenda kuuliza kama mandhari yanaliwa. Somoe alikaa katikati ya mkeka na daftari langu mapajani akawaeleza. Alisema kumi na miwili yote imeishi kiangazi kizima kwenye mchanga wa Ziwani. Alisema wenzake chuoni hawatamwamini.

"Kwani ilikunywa nini?" baba akauliza.

"Haikunywa chochote, baba. Hilo ndilo jambo lenyewe. Tangu nilipoondoka haikupata hata tone."

Nilikuwa na paja la kuku mkononi. Mpaka leo nakumbuka mafuta yalivyokuwa yanateremka kwenye kifundo cha mkono wangu, na mimi siyafuti. Hata tone. Ndipo nilipoelewa kwamba Somoe hakuwa amesahau kitu. Hakukuwa na futari. Aliposema imefunga alikuwa ananitania, kama watu wazima wanavyowatania watoto, na mimi nilikuwa nimelichukua neno lile nikalifanya ibada. Baba alikuwa anacheka kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena, anampiga Bi Fatu begani, anasema, "Umemsikia ntoto? Hata tone!" Somoe akaniangalia, akasema mbele ya wote, "Na huyu ndiye msaidizi wangu. Bila Salima nisingekuwa na kitu."

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi ya sentensi moja. Nikaimeza pamoja na nyama.

Wiki mbili baadaye Dokta alikuja mwenyewe kutoka chuoni. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye viatu vilivyojaa mchanga wetu, na alipiga picha kila mche. Alisema mbele ya baba kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajapata mwanafunzi kama huyu. Akaongeza kwamba upande wa Mnazi Bay kuna mtu anajenga nyumba za wageni, kisima chake kinatoa maji ya chumvi, na anatafuta bustani isiyohitaji maji. Kama Somoe yuko tayari, wapande pale wakati wa masika, iwe bustani ya mfano, na wanafunzi watakuja kujifunza. Baba alimshika Dokta mikono yote miwili hakuiachia.

Nataka kusema kwamba nilijaribu kusema. Usiku mmoja kabla ya Somoe kurudi chuoni nilimwambia kitandani, "Dada, ikifa je?"

"Nini ife?"

"Hiyo utakayopanda huko."

"Haiwezi kufa, Salima. Tumeshapima. Wewe mwenyewe umepima." Akanivutia kwake na kunikumbatia, akalala hivyo. Nilikaa macho nikiomba miche ijifunze yenyewe. Nilifikiri kama ilivumilia mchana kutwa pale kwetu, labda itaweza kuvumilia na jioni.

Ilipandwa mwezi wa nne, mvua ikiwa nzuri. Mwenye eneo aliambiwa asitandaze mabomba, akafurahi, akayaondoa kwenye hesabu zake. Mwezi wa sita mvua ilikuwa imekwisha na Somoe, aliyekuwa amemaliza mitihani yake yote na anasubiri kuhitimu, alihamia kule kwenye kibanda cha wajenzi aiangalie bustani. Meseji zake kwenye simu ya baba zilikuwa fupi. Kisha zikawa hazipo. Mwezi wa nane baba alisema twende tukamwone, tukapanda lori la matofali lililokuwa linaelekea huko.

Nilikuwa nimebeba chupa ya maji ya lita moja na nusu. Baba alidhani ni ya kunywa njiani. Nilipoiona bustani nikaelewa jinsi chupa ile ilivyokuwa ndogo. Ilianzia barazani mwa nyumba ya kwanza ikateremka mpaka karibu na ufukwe, mistari mizuri, iliyopindapinda kwa ufundi, na yote ilikuwa imekauka. Mishubiri michache ilikuwa bado hai, imekuwa myekundu na kusinyaa. Mitondoo ilikuwa vijiti. Somoe alikuwa amechuchumaa katikati, kitambaa chake cha kichwa kimepauka kwa jua. Hakusimama kutuamkia. Alisema tu, "Shikamoo baba," akiwa chini.

Dokta naye alikuwa amefika siku ile. Alikuwa na daftari langu mkononi, lile la mistari ya rula.

"Somoe," alisema, sauti yake ikiwa bado ya upole, "kwenye ripoti umeandika vipimo hivi ulichukua mwenyewe kila wiki."

Somoe akalitazama lile daftari.

"Huu si mwandiko wako."

"Alichukua mdogo wangu. Nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Niliona nikiandika hivyo hamtaukubali utafiti wangu."

Dokta akanigeukia. Akachuchumaa ili uso wake uwe sawa na wangu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba alinipa heshima ile. "Mtoto, usiogope. Uliandika ulichokiona?"

"Ndiyo," nikasema.

"Na maji ulikuwa unaandika sawa? Hii safu ya tatu?"

Baba alikuwa ananitazama. Somoe alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba niseme ndiyo, kwa sababu hakujua kwamba kuna jibu jingine ambalo lingemwokoa. Au labda lisingemwokoa, sijui. Nilikuwa na miaka kumi. Nilifikiri nikisema ukweli nitakuwa nimeiua bustani yote ile kwa mdomo wangu, mbele ya baba. "Ndiyo," nikasema mara ya pili. Dokta akasimama, akapangusa magoti. Nikaona ameamua.

Hakumtukana. Alisema hawezi kusimama mbele ya wenzake kuitetea kazi hiyo. Mwezi wa tisa Somoe aliitwa kwenye kikao chuoni. Walimwuliza kama vipimo vilitungwa. Alisema hapana. Walimtaka basi aeleze ilikuwaje miche ile iishi Ziwani na ife Mnazi Bay, mchanga uleule, jua lilelile. Alisema hajui. Walimwuliza kama yupo tayari kumleta mtoto aliyeandika. Akasema mtoto yule ni mdogo, hatamleta mtu amhoji kama mwizi. Haya aliyaeleza kwa mama jikoni, mimi nikiwa nyuma ya ukuta. Utafiti wake ukafutwa, akaambiwa arudie mwaka mzima kwa kazi mpya. Wenzake walihitimu mwezi wa kumi na moja. Yeye alisema atarudi mwaka unaofuata, kisha akasema mwaka mwingine, kisha tukaacha kumwuliza.

Bi Fatu, lazima nimpe haki yake, hakumcheka. Alileta mihogo, akaweka chini, akaondoka. Baba ndiye aliyeng'oa safu zile tatu nyuma ya jiko, siku moja asubuhi, bila kumwambia mtu, akapanda muhogo. Somoe alipoiona alisema, "Sawa baba." Mji nao haukugeuka kama tulivyoambiwa. Wageni walipungua, vyumba vikabaki vitupu, na zile nyumba za Mnazi Bay hazikumaliziwa kuezekwa. Lakini hilo lilikuja baadaye na halikumpunguzia Somoe chochote, maana yeye alikuwa ameshajiondoa kwenye ndoto ile.

Aliolewa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwema, na anaishi Shangani. Ua wake wote ni saruji. Hakuna hata kopo la mchicha. Wageni wakimwambia apande kitu kidogo kwa ajili ya kivuli, anajibu kwamba yeye hana mkono wa mimea, na analisema bila uchungu, kama mtu anayesema hajui kuogelea. Wanawe hawajui kwamba mama yao aliwahi kwenda chuo kikuu.

Nilimwambia mwaka jana, baada ya khitma ya baba. Nilikuwa nimengoja baba asiwepo. Huo ni woga mwingine ambao sitautetea. Tulikuwa wawili uani kwake, tunasuuza sahani. Nikamweleza yote: kufunga, adhana, kikombe cha bati, sifuri za mviringo. Sikulia. Nilikuwa nimeirudia hotuba ile miaka mingi, ikawa imekauka.

Aliendelea kusuuza. Kisha akauliza, "Kikombe gani? Kile cha baba?"

"Hichohicho."

"Kimoja kwa kila mche?"

"Kimoja. Kila siku."

"Jioni." Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Akawa anatazama mbele, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya zamani, ya haraka, niliyokuwa sijaisikia tangu jioni ile ya mkekani. "Jioni mchanga unaanza kupoa. Maji ya kwenye shina hayapotei, yanashuka moja kwa moja kwenye mizizi. Kwa mche wa umri ule, robo lita, kila siku..." Nilimwona anaufikia ukweli. Nilimwona kama amesimama mlangoni pake kabisa, mkono kwenye kitasa. Kisha akatikisa kichwa, akachukua sahani nyingine.

"Hapana," akasema. "Kisingetosha. Ingekufa tu."

"Dada, ndivyo ilivyokuwa."

"Ulikuwa mtoto, Salima. Umeyafikiria mno mpaka ukayatunga. Unataka kunifariji kwa kuwa baba amekufa." Aliniangalia kwa huruma, mimi. "Nilikosea mwenyewe, na nimeshazoea. Usinianzishie."

Nimemwambia mara mbili tena tangu siku ile. Mara ya pili alicheka. Mara ya tatu alinishika mkono, akaniomba kwa upole nisimwambie tena.